Gari la Kikundi: Angalieni Mipira Miwili ya Injini

Vikundi vingi hutegemea pikapu kuukuu ya petroli yenye kabureta, kama vile Peugeot 504, kupeleka mazao sokoni. Tairi na breki watu huangalia. Lakini chini ya boneti kuna mipira miwili ambayo ikipitishwa vibaya gari laweza kuzima mlimani, au kushika moto likiwa na watu.

Wa kwanza ni mpira wa petroli, unaotoka kwa pampu kwenda kwa kabureta. Ukipita karibu na ekzosi, petroli huchemka ndani yake na mvuke huziba njia. Gari huzima likiwa moto, likipoa linawaka tena. Watu husema ni betri, kumbe ni mpira! Tena ukipasuka, petroli hudondokea chuma cha moto, na hapo si mchezo. Upitisheni mbali na ekzosi, feni na chuma chenye makali. Fungeni kila mwisho kwa klipu, si kwa waya. Nunueni mpira wa petroli hasa. Ule wa kumwagilia shamba hauwezi kazi hiyo.

Wa pili ni mpira wa kupumulia. Injini ikifanya kazi, moshi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia mahali pa oili. Mpira huu huupeleka kwenye kichujio cha hewa, injini ikauvuta na kuuchoma. Ukiziba au ukikunjika, moshi hujaa na kusukuma oili nje. Mtaambiwa mnunue sili mpya, nazo zitavuja vilevile. Kwanza safisheni mpira. Ikiwa uko wazi na oili bado inatoka, huenda ringi zimeisha.

Mpira huu usilegee katikati, maana oili na maji hutuama hapo. Wala msiuache ukining'inia wazi: vumbi litaingia.

Kila wiki, injini ikiwa baridi na bila sigara wala koroboi karibu, minyeni mpira wa petroli. Ukiwa na nyufa, umelainika au kuna harufu ya petroli, safari ingoje. Ule wa kupumulia uosheni kwa mafuta ya taa, ukauke kabisa, ndipo urudishwe.

Chagueni mwanachama mmoja wa kazi hiyo, aandike kwenye daftari. Mpira ni pesa kidogo. Gari likiungua, ni jasho la kila mmoja wenu.