Kiti cha Buli, mnada wa simu na bei ya mchanga wetu

Mwezi wa Novemba 2010, mjini Paris, kiti kimoja cha mbao kiliuzwa zaidi ya euro milioni 5. Ni kiti chenye kuchongwa mwanamke anayebeba kikalio juu ya kichwa. Wazungu wanamwita fundi wake «Maître de Buli», juu ya kijiji cha Buli, kando ya Lualaba, kaskazini ya Katanga ya zamani. Ni mto ule ule wenye tunauvuka huku Kasongo. Jina hilo alipewa na mwalimu mmoja Mbelgiji, Frans Olbrechts, kabla ya vita vya pili vya dunia. Watafiti wengine walisema kwamba jina la kweli la mchongaji pengine ni Ngongo ya Chintu. Mwaka 1979 kiti kingine cha mkono ule ule kiliuzwa London kwa pauni 240,000, na leo kiko katika makumbusho ya Metropolitan, New York.

Vijana wa machimbo walituuliza: mbao inafikaje pale, na oro yetu inabaki kwa bei ya negosian? Ni swali la maana, na sisi wa sendika tuliona afadhali tulijibu hapa gazetini kuliko kulijibu kila siku kando ya shimo. Tena vijana wengi wa Kasongo wenye simu wanafungua sasa minada ya intaneti, wanaangalia bei zinavyopanda, na wengine wanataka kuingia. Basi tuelezane namna inavyoendeshwa.

Mnada ndio ile Wafaransa wanaita vente aux enchères. Mtu analeta kitu, wanunuzi wanapandishana bei mbele ya wote, mwenye kusema bei ya mwisho ndiye anachukua. Zamani ilikuwa chumba, viti na nyundo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, akafungua mnada wa eBay kwenye intaneti. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kitochi cha mwanga wa leza, tena kimevunjika. Kikaenda kwa dola 14.83. Omidyar akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama amesoma vizuri kwamba hakiwaki. Yule akajibu kwamba yeye anakusanyaka vile vilivyovunjika. Huyo ndiye mkusanyaji: hanunui kwa kula wala kwa kazi, ananunua kwa kukosa usingizi.

Katika minada hiyo kuna mashini inayopanda kwa niaba yako. Unaiandikia kwa siri kiasi chako cha mwisho kabisa. Tuseme umeandika dola 200, na mwenzako ameandika 120. Mashini inakupandisha mpaka inampita kidogo tu, unalipa 120 na vijisenti juu. Haikuli dola zako 200. Kwa hiyo mkusanyaji mwenye akili anaandika bei ya kweli ya moyo wake, mara moja, kisha anaenda kulala. Mwalimu William Vickrey alionyesha jambo hilo kwa hesabu katika mwaka 1961: ikiwa mshindi analipa bei ya yule wa pili, hakuna faida ya kudanganya. Alipata zawadi ya Nobel mwaka 1996, akafa siku 3 tu baada ya kutangazwa. Kazi ya miaka 35, na hakufika hata kuipokea.

Lakini watu hawalali. Wengi wanangojea sekunde za mwisho ndipo wanatupa bei. Watafiti wawili, Roth na Ockenfels, waliandika juu ya hiyo mwaka 2002. Waliona kwamba kwenye eBay, penye saa ya kufunga haisogei, bei nyingi zinaanguka mwishoni kabisa. Kwa Amazon, iliyokuwa na mnada wakati ule, kila bei mpya ya mwisho ilisogeza saa mbele, na mchezo huo ulipungua. Sababu moja tunaielewa vizuri sisi watu wa machimbo. Fundi anayejua kabisa kwamba kitu ni cha kweli, akipanda mapema, amewaambia wote. Ni sawa na mchimbaji mzee akisimama muda mrefu mbele ya shimo moja: kesho yake utaona watu 20 wanachimba pembeni. Basi mjuzi ananyamaza, anapita kama hajaona, anarudi dakika ya mwisho.

Kwa mtu wa Kasongo ao Kabambare, hiyo hila ya sekunde za mwisho haifai. Rezo inakatika, betri inategemea jua. Andika kiasi chako mapema ao acha.

Angalieni pia makuta ya nyuma. Katika nyumba nyingi kubwa za mnada, bei ya nyundo siyo bei ya kulipa. Wanaongeza robo yake, mara nyingine zaidi, kisha usafirishaji na forodha. Mwenye dola 1,000 mfukoni, kama wanaongeza robo, mwisho wake ni 800. Anayesahau hiyo atakopa kwa bwana shemeji.

Kuna ugonjwa mwingine, mkubwa kuliko yote. Katika mwaka 1971 mainjinia watatu wa kampuni ya petroli Atlantic Richfield, yaani Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda mnada wa visima vya Ghuba la Mexico zilipata faida ndogo kuliko zilivyofikiri. Kampuni 10 zinakadiria kisima kimoja, kila moja na hesabu yake. Nani atashinda? Ni ile iliyoota ndoto kubwa kuliko wote. Kushinda kwenyewe kunaonyesha kwamba pengine umekosea kwenda juu. Huku kwetu tumeona watu wakinunua sehemu katika shimo jipya kwa bei iliyopanda mchana mmoja, na filo ikaishia mita chache chini. Mkusanyaji mwenye uzoefu, akiona washindani ni wengi, anashusha kiasi chake.

Halafu kuna wizi. Mwaka 2000 picha moja ya rangi ilipanda kwenye eBay mpaka dola 135,805. Wakagundua kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa akipandisha bei ya kitu chake, na mauzo yakafutwa. Kuna pia wanunuzi wanaopatana kabla: mmoja apande, wengine wanyamaze, kisha wauziane wenyewe pembeni. Wafaransa wanaita hiyo révision, na sheria yao inaikataza. Hatuwezi kuicheka. Negosian watatu wakitoa bei moja asubuhi moja, tunajua walikula pamoja usiku.

Hapa ndipo tunarudi kwa swali la vijana. Tuchukue kinyago cha ngil cha Wafang wa Gabon. Wazee wawili wa Ufaransa, mume na mke, walikuwa nacho katika nyumba yao ya likizo, urithi kutoka kwa babu aliyekuwa gavana wa kikoloni. Wakakiuza kwa mnunuzi wa vitu vya zamani kwa euro 150. Tarehe 26 Machi 2022, mjini Montpellier, kinyago kile kile kiliuzwa mnadani kwa euro milioni 4.2. Wagabon waliingia chumbani wakapinga kwa sauti, wakidai kirudi nyumbani. Wazee walishitaki pia. Mwezi wa Desemba 2023 tribinali ya Alès ikawakatalia, ikisema hawakujali kujua thamani ya kitu chao.

Kinyago hakikubadilika kati ya euro 150 na milioni 4.2. Kilichobadilika ni hesabu ya wanunuzi. Kwanza alikuwa mmoja, nyumbani, bila mtu wa kumpinga. Pili walikuwa wengi, na kila mmoja alijua kitu ni nini.

Mchanga wetu unauzwaka namna ya kwanza. Mnunuzi mmoja, mizani yake, na kuna penye oro bado inapimwa kwa kijiti cha kiberiti. Watu wanasema: muite wanunuzi wengi siku moja, kila mmoja aandike bei kwenye karatasi iliyofungwa, mfungue mbele ya wote. Ni kweli inawezekana, na koperative yenye kukusanya mchanga wa mashimo mengi inaweza kuijaribu. Lakini tusidanganyane. Timu nyingi zinachimba kwa deni. Negosian alitoa unga, mafuta na pampu miezi mitatu kabla ya jiwe kuonekana, na mapatano ni kwamba jiwe litapita kwake. Mtu kama huyo hana haja ya kupanda bei na mtu yeyote. Karatasi zilizofungwa hazitamfanya kitu mpaka timu ipate chakula cha shimo mahali pengine, hata kwa likelemba ya wamama. Kwa hiyo mazungumzo ya mnada yaanzie kwenye unga, ndipo yafike kwenye mizani.

Neno moja tena, kwa familia zenye vitu vya wazee. Watu wanapitaka vijijini, hasa wakati wa njaa, wakiuliza viti, sanamu na vinyago. Wengine wanaonyesha bei za Paris kwenye simu, kisha wanatoa bei ya mbuzi. Mjue kwamba katika mnada kinachopandisha bei zaidi ni historia: nani alikuwa nacho, wapi, mwaka gani, kama kuna picha ya zamani. Bila hiyo, mkusanyaji anafikiri ni cha juzi, kilichofukizwa moshi na kuzikwa udongoni, na viko vingi vya namna hiyo. Historia hiyo iko mdomoni mwa mzee wenu, na mnunuzi anaichukua bure.

Tena, sheria ya inchi yetu ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni. Kuvusha kitu cha kale kwenye mpaka bila ruhusa ni kosa. Pembe ya tembo ni hatari zaidi: eBay yenyewe iliikataza tangu 2009. Na vitu vya bwami, kwa jirani zetu Warega, si vya mtu mmoja kuuza. Wakoloni walipiga bwami marufuku mwaka 1933 na tena 1948, vitu vingi vikaondoka nyakati zile, na leo vinapandishiwa bei Bruxelles na Paris.

Kabla mtu yeyote hajaja kuuliza, pigeni picha ya kitu, mbele na nyuma. Andikeni jina lake kwa lugha ya nyumbani, jina la mwenye kukitumia, kijiji na tarehe. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa chifu wa grupema. Kikipotea na kuonekana siku moja katika mnada wa simu, karatasi hiyo ndiyo mtaanza nayo kukidai.