Katibu Mahsusi na Jalada Lililokwama

Katibu mahsusi hupimika vizuri zaidi siku ambayo mkuu wake yuko safarini. Mstaafu amefika kufuatilia barua ya mafao yake. Katibu wa hovyo atasema, "Bosi hayupo, njoo Jumatatu." Anayeijua kazi atasema, "Shikamoo mzee. Barua yako ilishatoka hapa, jalada liko kwa mhasibu tangu juzi. Kaa kidogo nimpigie kabla hujapanda ngazi."

Jibu hilo halitokani na ukarimu peke yake. Katika ofisi za serikali Tanzania zinazotumia majalada ya karatasi, barua ikiingia hupigwa muhuri masjala, husajiliwa, hupewa namba ya folio na kuwekwa kwenye jalada. Hapo jalada huanza kuzunguka: kwa mkuu, ambaye huandika dokezo, kisha kwa mwanasheria, kwa mhasibu, na kurudi. Lisipoonekana, lawama huenda masjala, ingawa majalada mengi yamelala tu kwenye meza za wakubwa, chini ya majalada mengine. Katibu makini huandika kila jalada linaloingia na kutoka ofisini kwake, limekwenda kwa nani na lini. Barua inayotaka majibu kufikia tarehe 20 huiandika kwenye shajara tarehe 15, na siku hiyo humkumbusha mkuu hata akiwa amenuna. Ndiye pia humkumbusha kurejesha masurufu ya safari iliyopita kabla hajaomba ya safari nyingine.

Matangazo ya ajira serikalini, ambako siku hizi cheo hiki huitwa mwandishi mwendesha ofisi, bado hudai hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Waliopita Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, wanajua jasho lake. Wapo wanaocheka: simu si inarekodi? Inarekodi, tena hadi vikohozi. Ila anayeandika hati mkato hana budi kusikiliza, na kikao kikiisha anajua kilichoazimiwa na nani kapewa kazi gani.

Kubwa kuliko yote ni siri. Barua ya uhamisho au hati ya mashtaka ya nidhamu hupita mikononi mwake kabla mhusika hajaiona, na saa saba mchana huenda wakala meza moja. Akionyesha hata kwa macho, saa tisa haifiki ofisi nzima imeshajua.

Cha ajabu, mtu huyu huhamishwa Ijumaa na mwingine akaletwa Jumatatu, makabidhiano yenyewe yakiwa ufunguo wa kabati. Mkuu anayejali kazi yake adai makabidhiano ya maandishi: majalada yaliyo nje na yaliko, barua zinazosubiri majibu, miadi iliyokubaliwa, na watu walioahidiwa kupigiwa simu.