Hewa ya Mikoko Ikiuzwa, Daftari Liko kwa Nani?

Wiki iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, shemeji yangu alinijia na bahasha. Anaishi katika kijiji kimoja cha Kwale kilichopakana na mikoko. Ndani mlikuwa na kurasa kumi na tisa za Kiingereza. Kampuni moja imewaletea wanakijiji na kuwapa mwezi mmoja watie sahihi.

"Shemeji, hawa wataka kununua hewa," akaniambia. "Hewa yauzwaje?"

Nilicheka, kisha nikaona swali lake ni zito kuliko kicheko changu. Madrasa tulifundishwa kuwa samaki aliye baharini hauzwi, kwa kuwa muuzaji hajamshika na mnunuzi hajui anachonunua. Je, hewa hii si samaki wa baharini?

Kinachouzwa, ndugu msomaji, si hewa yenyewe. Ni cheti. Mkoko huvuta hewa ya ukaa na kuiweka kwenye shina, mizizi na hasa kwenye tope lililo chini yake. Wataalamu hupima miti, mkaguzi asiye na hisa katika mradi hupitia hesabu, kisha kila tani moja hutolewa cheti kimoja. Kiwanda au shirika linalotaka kufidia moshi wake hununua cheti hicho. Kupima na kukagua ndiko kumtoa samaki baharini. Bila hivyo, biashara yote ni maneno matupu.

Kwetu jambo hili si geni. Pale Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni tangu 2013, kwa hekta 117 na kama tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni, na wenyeji hukaa kuamua zitumikeje. Walipanda mivinje pia, maana ukimkataza mtu kukata boriti za mikoko bila kumpa mti mwingine, usiku atakwenda kuzikata kwa jirani. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata njia hiyo.

Sasa serikali nayo imeingia sokoni. Kenya iliuahidi ulimwengu kuwa kufikia 2030 itapunguza asilimia 32 ya hewa chafu ambayo ingetoka nchini mwaka huo kama mambo yangeachwa yaende yalivyo, yaani tani milioni 143. Ahadi ya 2035 ni asilimia 35. Kwa hiyo mwaka 2023 Bunge lilirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi, na 2024 zikaja kanuni za masoko ya kaboni. Kila mradi unatakiwa uandikwe katika daftari la kitaifa.

Wengi hudhani daftari ni urasimu tu. Mimi naliona kuwa ndilo kiini cha jambo. Chukua tani moja ya mikoko ya shemeji. Kampuni ya Ulaya ikiinunua na nchi yake ikaihesabu kuwa ni yake, Kenya haiwezi kuihesabu tena katika ile asilimia 32. Chini ya Mkataba wa Paris, Kenya inapoidhinisha tani iende ng'ambo ni lazima iirudishe kwenye deni lake, kana kwamba mkoko ule haukuvuta kitu. Ni kama kuuza kiwanja: hati ikishahamishwa, huwezi kukiweka rehani benki. Tukiuza tani zote za rahisi nje, tutabaki na zile ngumu na ghali za kutimizia ahadi yetu wenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la kijiji liwe hili: tani zetu zinakwenda wapi, na nani ameziidhinisha?

La pili ni pesa. Sheria inasema mradi wa ardhi, misitu ikiwemo, uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Wakala wa kampuni waliisoma asilimia hiyo kwa sauti kubwa barazani. Hawakutaja maneno yanayofuata: baada ya kuondoa gharama za kuendesha shughuli. Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Mapato ni shilingi milioni 1. Gharama zikiwa 200,000, jamii inapata 320,000. Gharama zikiandikwa 600,000, jamii inapata 160,000. Asilimia ni ile ile 40, lakini nusu ya fedha imepotelea kwenye stakabadhi za magari na hoteli. Nani atakagua stakabadhi hizo? Kama mkataba hausemi, hakuna.

Kisha kuna mwenye shamba. Mikoko ya pwani ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932. Gazi waliweza kwa sababu wana makubaliano na Shirika la Misitu ya kusimamia sehemu yao kwa pamoja. Kijiji cha shemeji hakina karatasi kama hiyo. Watatiaje sahihi juu ya kisichokuwa mikononi mwao? Hapo turudi kwa yule samaki.

Sisemi wakatae. Pesa ya Gazi ni ya kweli, na maji yanatoka mferejini. Nasema kaunti, ambayo kisheria inapaswa kusimamia mazungumzo haya, iwe imekaa kwenye mkeka kabla kalamu haijatolewa, na mkataba usomwe kwa Kiswahili au Kidigo.

Bahasha bado iko mezani kwangu. Ijumaa nakwenda Kwale. Wazee watakaa chini ya mkwaju baada ya swala, nami nimeombwa niwasomee ukurasa wa saba, ule wa gharama.