Chura Asiyehitaji Kidimbwi



Shuleni tulifundishwa kwamba chura hutaga mayai majini, na mayai huwa viluwiluwi. Nilipokuwa mwalimu nami niliwafundisha watoto hivyo hivyo. Lakini katika misitu ya pwani, kama ile ya Shimba Hills huko Kwale, yuko chura asiyefuata desturi hiyo. Wataalamu humwita Arthroleptis stenodactylus.

Chura huyu ni mdogo, na rangi yake ni ya kahawia kama majani makavu, kwa hiyo ni vigumu kumwona. Hukaa chini katika majani yaliyoanguka. Kwenye kila mguu wa nyuma ana kinundu kigumu, nacho ndicho jembe lake la kuchimbia. Mvua inyeshapo utasikia sauti yake fupi na nyembamba, ukadhani ni mdudu.

Jike hutaga mayai katika shimo dogo kwenye udongo wenye unyevu, chini ya majani. Hakuna viluwiluwi. Mtoto hukua ndani ya yai, na atokapo huwa ni chura kamili mwenye miguu minne. Basi kwake yeye majani yale ndiyo kidimbwi. Yakiondolewa, udongo hukauka na mayai hufa.

Jambo hili lakuhusu wewe, kwa kuwa chura huyu huishi hata mashambani, ikiwa kuna kivuli na majani. Hali mazao yako. Chakula chake ni wadudu na vijidudu vya ardhini. Tena, unyevu unaomfaa yeye ndio unaoifaa mizizi ya mikorosho na michungwa yako. Ukiwasha moto chini ya miti, umemwua chura, umekausha ardhi, na umechoma mbolea ya bure.

Basi fanya hivi:

1. Usichome majani yaliyoanguka. Yatandaze chini ya miti, lakini yasiguse shina.

2. Majani ya miti yenye ugonjwa yaondoe, uyachome mbali na miti.

3. Ukifyeka shamba jipya, acha miti ya asili bondeni na kando ya mto.

Kisha jaribu mwenyewe. Siku ya jua kali tia mkono chini ya majani, halafu uguse ardhi iliyo wazi. Mkono wako utakuambia ni ipi iliyo hai.