Kulipuka na Kulipuliwa

Agosti 7, 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa karibu saa ileile. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja. Vitenzi viwili, shina moja, lakini havisemi jambo moja. Penye kulipuliwa pana mtu: aliyepanga, aliyebeba, aliyewasha. Kulipuka kunaeleza yaliyokipata kitu tu. Mtendaji hatajwi, na pengine hayupo kabisa. Anayeandika kwamba balozi zile "zililipuka" hajasema uongo, ila amewaondoa wauaji kwenye sentensi, na hilo kwangu ni kosa zito.

Watu wa afya wana mlipuko wao, usio na kishindo. Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Wao wanatazama idadi: wagonjwa wakizidi wanaotarajiwa mahali fulani kwa wakati fulani, huo ni mlipuko, na kwa ugonjwa kama Marburg hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa anatosha. Hapa neno linaweza kumponza msikilizaji. Kipindupindu kikiingia, sokoni ndizi zinaendelea kuuzwa, watoto wanachota maji kisima kilekile, na anayesubiri kuona balaa kubwa anajiona yuko salama. Kwa hiyo tangazo la mlipuko lisiishie kwenye neno hilo. Liseme wagonjwa wameonekana wapi, na maji yachemshwe.

Hasira nayo hulipuka. "Mbunge alipuka" ni kichwa cha habari tulichokizoea, maana yake amesema kwa ukali. Akimtaja waziri kwa jina na kuanika madudu ya wizara, kichwa kinageuka: "Amlipua waziri." Sasa kuna anayelipua na kuna anayelipuliwa. Fundi anayelipua kazi, yeye hachomi kitu: anapaka rangi juu ya ukuta mbichi, anachukua hela yake, anaondoka.

Lakini kujilipua ndiko kulikosafiri mbali zaidi. Kwenye habari za ugaidi ni kujiua kwa bomu ili kuua wengine. Kwa Watanzania walioko Uingereza, aliyejilipua ni aliyeomba ukimbizi, mara nyingi kwa kujiita raia wa nchi yenye vita. Mtaani Dar, anayeacha ajira na kutia akiba yote kwenye biashara naye amejilipua. Maana hizi zina undugu: kila mmoja amejifungia njia ya kurudi, na kwa mkono wake mwenyewe. Kiambishi "ji" ndicho kinachobeba yote hayo.

Wahariri wenzangu, kabla ya kupitisha "jengo limelipuka", ulizeni kwanza chanzo. Kama ni gesi iliyovuja, acheni hivyo. Kama imethibitika kuwa bomu lilitegwa, andikeni "limelipuliwa".