Fahamu: Kwa nini maji ya gari-nyumba yamwagwe kabla ya baridi kali

Baadhi ya wanaopiga kambi Kanada majira ya baridi hutegemea hita kulinda maji ya magari-nyumba yao. Kinga ya uhakika zaidi ni kuyamwaga. Maji yakiganda, kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua mabomba, pampu na koki. Wapo watakaosema hita inatosha. Lakini joto la chumbani halifiki vizuri kwenye mabomba na matangi yaliyo chini ya sakafu, na gesi ikiisha usiku, kinga nayo imekwisha. Anayehitaji maji safarini ayaweke kwenye madumu ndani. Mabomba yaliyokaushwa yatiwe kizuia-mgando cha propilini glikoli, kamwe si kile cha injini chenye ethilini glikoli, kwani ni sumu.