Kamba wa Baharini Huanzia Mtoni

Kamba wa baharini wanapoadimika, lawama ya kwanza huziangukia meli zenye nyavu za kukokota, na ushahidi haukosekani. Kenya ilizisimamisha katika Ghuba ya Ungwana mwaka 2006, ikaziruhusu tena 2011 kwa masharti ya msimu. Tanzania nayo ilizizuia baada ya msimu wa 2007, kwa kuwa mavuno yaliyozidi tani 1,000 mwanzoni mwa muongo huo yalikuwa yameporomoka. Nyavu hizo hukwangua sakafu ya bahari na kuzoa hata kasa. Kuzizuia ni haki. Hata hivyo, kufunga bahari peke yake hakutoshi, maana uhai wa kamba huyu umefungamana na mto unaotoka mbali bara. Jike hutaga baharini, vifaranga hubebwa na maji hadi kwenye mikoko ya midomo ya mito, hukulia humo miezi michache, kisha gharika ya mvua huwasukuma kurudi baharini. Msumbiji ni ushahidi: bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa Desemba 1974, na watafiti waliolinganisha maji ya Zambezi na mavuno ya eneo la uvuvi la Benki ya Sofala walikuta kwamba maji ya msimu wa mvua yakipungua, kamba nao hupungua. Ndiyo maana naitazama Rufiji, mto wa Tanzania, kwa wasiwasi. Delta yake ni kitalu kikubwa cha kamba, na Bwawa la Julius Nyerere juu ya mto huo lilianza kujazwa Desemba 2022.

Wapo watakaosema umeme ni lazima, na kwamba kamba wa kufugwa wamekwisha kuwapita wanaovuliwa duniani. Ni kweli. Lakini bwawa laweza kufunguliwa msimu wa mvua ili delta ipate gharika yake, ingawa hilo lina gharama. Na mabwawa mengi ya kufugia kamba, Ecuador na Thailand, yalichimbwa palipokuwa na mikoko, yaani kitalu chenyewe. Msomaji wa Kampene, mji wa machimbo ulio mbali bara nchini Kongo, atauliza haya yanamhusu nini. Vijito vyake huishia Lualaba, ambao baada ya maporomoko ya Boyoma ndio Mto Kongo, unaoingia baharini karibu na mikoko ya Muanda iliyohifadhiwa tangu 1992. Sidai kwamba tope la machimbo ya Kampene huwafikia kamba wa Muanda. Ila kanuni ni ileile, kwamba kamba hutegemea hali ya mto, kwa kamba wadogo wa maji baridi, wanaojificha kwenye mizizi na majani yaliyozama. Huku hakuna meli ya kulaumiwa: kinachoamua ni kama maji ya kuoshea dhahabu na kasiteriti (madini ya bati) hutulizwa kwanza shimoni, au humwagwa moja kwa moja kijitoni.